Domisiana na Nyota Hewa

Sikumpenda Domisiana, naye hakunipenda, na sioni kwa nini nijifanye leo kwa sababu tu tumezeeka. Watu wa Ngara wakimtaja siku hizi wanalainisha sauti: oh, yule mama, mkweli yule. Mimi nilikaa naye meza moja miaka miwili na nusu. Mkweli alikuwa, sikatai. Lakini ukweli wake ulikuwa kama msasa, na aliyesuguliwa zaidi ni mimi, Kuluthumu binti Ahmadi, wa Biharamulo mjini. Kwa hiyo nikisimulia habari zake mnivumilie. Mimi mwenyewe sitoki vizuri humu ndani, nawaambia mapema.

Mwaka tisini na nne Wanyarwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa malaki, Ngara iligeuka ndani ya wiki moja. Malori, mahema, magari meupe yenye antena ndefu, nyanya zikapanda bei mpaka unaona aibu kuuliza. Shirika moja la wageni likafungua ofisi ya uandikishaji pale mjini, likatafuta makarani. Mie nilikuwa nimesomea kupiga chapa Mwanza, basi baba akanipandisha kwenye lori la mahindi kutoka dukani kwake nyuma ya boma, nikaenda. Domisiana alikuja kwa miguu kutoka Nyamiaga, ni karibu tu. Kwao ni Wahangaza, Wakatoliki tangu enzi za babu zao, watu wa migomba na maharage. Alikuwa na miaka ishirini na sita, kidato cha sita cha hesabu, chuo alikosa akarudi kulima. Mrefu, mkavu, hacheki. Ukimsalimia asubuhi anakujibu huku anaangalia saa ya ukutani aone umechelewa dakika ngapi.

Kazi yetu ilikuwa orodha. Kila familia kambini ina kadi, kila wiki mbili inakuja kuchukua mahindi, maharage na mafuta, na sisi tunaweka alama kwenye kompyuta kwamba imekuja. Sasa wakubwa wa kule kambini walikuwa wajanja, wanaandikisha watu ambao hawapo ili wachukue mgawo wao. Hao tuliwaita hewa. Sheria ya ofisi ilikuwa nyepesi: aliyeandikwa lakini haonekani mara tatu mfululizo ni hewa, mfute. Na hakuna aliyefuta kama Domisiana. Alishuka kwenye skrini kwa kidole, mstari kwa mstari, akikuta hewa anasema "Toka!" kwa sauti, ndipo anabonyeza. Ofisi nzima ilishinda inasikia toka, toka, toka.

Alikuwa na sababu zake. Mama yake, mama Secilia, aliachiwa na marehemu mumewe shamba la miti, na wakimbizi waliikata yote kwa kuni ndani ya msimu mmoja, vikabaki visiki. Mbuzi wakaenda, ndizi zikaenda zingali changa. Mama Secilia akalia, Domisiana hakulia. Akaja ofisini akafuta.

Hapa ndipo ugomvi wetu ulipoanzia. Nina shangazi yangu, Zulfa, mjane, alikuwa hana kitu kule Biharamulo. Nikamwingiza kwenye orodha. Ndiyo, niliandika kwa mkono wangu, na msinitolee macho, wenyeji waliofanya hivyo walikuwa wengi. Nikambunia jina la Kinyarwanda, kadi ikatoka, mtu akawa anachukua mgawo na kuupakia kwenye basi. Miezi minne hakuna aliyegundua. Kisha Domisiana akaona kwamba familia ile haijawahi kuomba blanketi, haijawahi kuomba turubai, na hakuna hata siku moja mtoto wao alipelekwa zahanati. "Familia gani hii haiugui?" akasema. Akachimba mpaka akafika kwangu. Akalisoma lile jina mbele ya bosi, mbele ya Hatibu wa jenereta, mbele ya mpika chai, kwa sauti ile ile ya toka. Nikapewa barua ya onyo na kukatwa mshahara. Nilimfuata uani nikamwambia, wewe una roho mbaya, ungeshindwa nini kuniita pembeni? Akanitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. "Kwani ulimwandika pembeni?" akasema, akarudi ndani. Wallahi siku ile ningekuwa na mchi mkononi ningempiga.

Habimana alikuja ofisini mwanzoni mwa mwaka tisini na sita. Mkimbizi wa kambi ya Benaco, umri kama arobaini, mwembamba, miwani kaifunga kwa uzi. Alikuwa akifundisha fizikia chuo kikuu huko kwao. Yeye ndiye aliyesema hivyo. Kingine alichofanya kule kwao mwaka ule hatukukijua. Kila uliyemuuliza kambini alikwambia hakufanya kitu, na huku watu walikuwa wameuawa. Basi hatukumwamini. Lakini kompyuta zetu zilikuwa zinakufa kila wiki, yeye alijua kuzifufua, na bosi, mgeni mmoja wa haraka haraka, akamchukua. Habimana akaomba jambo moja tu, aruhusiwe kuitumia ile kompyuta ya tatu, kuukuu, tuliyokuwa tunaandikia barua. Alikuwa na disketi sita ndani ya mfuko wa nailoni. Alivuka nazo Rusumo kazifunga tumboni, chini ya shati.

Domisiana hakumwamkia shikamoo hata siku moja, mtu aliyempita miaka zaidi ya kumi. Kihangaza na lugha ya yule bwana zinasikilizana kabisa, wangeweza kuzungumza bila taabu. Akamlazimisha Kiswahili, ambacho Habimana alikijua cha kuungaunga, kusudi tu ateseke.

Siku moja ya Februari yule bwana alituita tuone. Kwenye skrini palikuwa na vidoti, vingi, vinazunguka polepole.

"Hii ni galaksi," akasema. "Mji wa nyota. Lakini ni ya kuiga. Huwezi kuichukua ya kweli ukaiweka mezani, wala huwezi kuishi miaka milioni mia ukiingojea igeuke. Kwa hiyo unaifundisha kompyuta sheria ya mvutano. Kila nyota inazivuta zote, zote zinaivuta. Kompyuta inahesabu, ikivutwa hivi itakuwa wapi baadaye? Inaisogeza kidogo. Inahesabu tena."

"Nani aliyetaka kujua?" akauliza Domisiana.

"Mimi."

"Na hapo katikati ni nini?"

"Shimo jeusi. Kitu kizito kuliko chochote. Kinachoingia hakitoki, hata mwanga."

"Kama kambi yenu," akasema Domisiana. "Miti ya mama yangu iliingia humo, mbuzi wakaingia, hakijatoka kitu."

Hatibu akacheka, na mimi nikacheka. Habimana alikunja uso. Domisiana, pamoja na jeuri yake yote, alikuwa mtu wa hesabu, hakuweza kujizuia. Akainama akauliza mbona kompyuta inachukua muda mrefu hivyo kwa nyota chache vile. Na yule bwana, ambaye naye alikuwa na kiburi chake, akamjibu: "Kuna mengine humo. Nitakueleza siku ukiwa na adabu." Basi hakueleza, na Domisiana hakuuliza tena. Kumbukeni kwamba waligoma wote wawili. Watu siku hizi wanasimulia kosa la mmoja tu.

Septemba ikaja barua kutoka Ulaya. Profesa mmoja ambaye Habimana aliwahi kuandikiana naye kabla ya vita alisema ana nafasi ya mtu mmoja wa kufanya kazi hiyo kwake, na angeitoa kwa Habimana kama angemwonyesha kwamba galaksi yake inaweza kukaa, yaani izunguke mpaka mwisho wa hesabu bila kusambaratika. Mwisho wa kupokea ni katikati ya Januari. Habimana aliisoma ile barua amesimama, akaisoma tena ameketi. Kwa mkimbizi wakati ule palikuwa na njia mbili tu, kubaki kwenye turubai au kurudi kule alikokuwa anakuogopa. Yeye ghafla alipata ya tatu. Mpaka mpika chai alijua: nyota zikikaa, Habimana anaondoka kwa ndege, zisipokaa, yuko mikononi mwa Mungu.

Hesabu ilihitaji siku arobaini, kwa saa nane ambazo jenereta iliwaka kila siku. Jioni kompyuta inajiandikia ilipofikia, asubuhi inaendelea. Ikaanza katikati ya Oktoba.

Novemba Habimana akapigwa na malaria, akalala kambini wiki nzima. Ile kompyuta ikaanza kulalamika kwamba nafasi imejaa, bosi akapita mbiombio akamwambia Domisiana aisafishe. Akafungua faili la Habimana. Lilikuwa orodha, na orodha Domisiana anaijua. Kila nyota na mstari wake: iko wapi, inakwenda wapi, uzito wake, na mwishoni kabisa namba moja kama inawaka, sifuri kama haiwaki. Zenye moja zilikuwa mia tano. Zenye sifuri zilikuwa elfu tatu.

"Kuluthumu," akaniita, na hakuwa na desturi ya kuniita. "Njoo uone. Zimeandikwa, lakini hazijaonekana hata mara moja. Elfu tatu!"

Nikasogea. Kweli, sifuri, sifuri, sifuri, unashuka mpaka kidole kinachoka.

"Ala! Hata nyota zake kaziandikisha hewa," nikasema.

Domisiana alicheka. Miaka miwili na nusu, hicho ndicho kicheko chake pekee nilichokisikia, na tulicheka pamoja mpaka machozi, mimi na yule niliyekuwa namchukia. Nikamwambia, futa basi, unangoja nini? Naye hakuwa anafanya hila, nataka hilo lieleweke. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba anasafisha. Karani mwingine yeyote duniani angeziacha zile sifuri zilale. Karani wa Ngara, aliyekuwa anafuta hewa tangu asubuhi mpaka jioni, angeziachaje?

"Tokeni!" akasema, akabonyeza mara moja.

Kesho yake ile kompyuta ilikimbia ajabu. Kazi ya wiki ikaisha kabla ya chai ya saa nne. Domisiana akatembea siku nzima kichwa juu, ametengeneza mashine ya Habimana. Siku ya pili vidoti vikaanza kuachana. Siku ya tatu vilikuwa vimetawanyika pande zote kama mahindi gunia likipasuka, na katikati pale palikuwa patupu.

Habimana alirudi bado anatetemeka, blanketi begani. Akatazama skrini. Akafungua faili, akashuka, akafika chini haraka mno.

"Zile elfu tatu ziko wapi?"

"Nimezifuta," akasema Domisiana. "Zilikuwa haziwaki."

"Nani alikwambia zinatakiwa kuwaka?"

Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema kwamba nyota zinazoonekana zinazunguka kwa kasi kupita kiasi. Kwa uzito wake peke yake zingekuwa zimetawanyika zamani sana, na bado watu wanaopima mbingu wanaziona zimekaa. Kwa hiyo kuna kitu kingine, kizito, hakiwaki, hakuna aliyekiona, na kipo. "Tunakiita maada ya giza. Ndicho kinachoishika galaksi. Wewe umewafukuza wenye nyumba, ukabakiza taa."

"Ungesema."

"Ungeuliza."

"Nilikuuliza! Ukasema nikiwa na adabu."

"Hukuwa nayo. Hata leo huna. Unanichukia."

"Ndiyo," akasema Domisiana. "Nakuchukia. Mama yangu anapika kwa majani ya migomba." Kisha akavitazama vile vidoti. "Disketi za mwanzo unazo?"

"Ninazo."

"Anza upya. Zamu hii nitakaa nayo mimi."

Pole hakusema. Hajawahi kumwambia mtu pole, yule. Lakini tangu siku ile sikusikia tena neno toka mle ofisini. Alikuwa akimfikia mtu asiyeonekana mara tatu, anasimama, anaandika jina kwenye karatasi, anakwenda mwenyewe kambini kumtafuta. Wengine kweli walikuwa hewa. Wengine walikuwa wagonjwa tu. Mmoja, bibi kizee, alikuwa amevunjika mguu na hakuna aliyemletea chakula. Domisiana alirudi kutoka kwa yule bibi uso umemwiva, hakula mchana.

Hesabu mpya ingeisha mwanzoni mwa Januari, muda ulitosha. Ndipo Desemba likatoka tangazo: Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Muda ukawa hautoshi tena.

Sasa mwone Domisiana. Alimfuata bosi, akamfuata Hatibu, akarudi kwa bosi. Jenereta ikiwaka mchana na usiku hesabu ingeisha kwa siku kumi na kidogo. Hatibu akasema dizeli ya wiki ni ile ile, atoe wapi nyingine, akamue mawe? Domisiana akakokotoa pale pale nyuma ya bahasha: tukizima kompyuta zetu mbili na taa zote, jenereta ile ndogo ya akiba ikabebeshwa mashine moja tu, dizeli inatosha. Na orodha? Orodha za kurudisha watu tutaandika kwa mkono. Bosi akasema sawa, almradi kila asubuhi aikute mezani kwake.

"Tutaandika, mimi na nani?" nikauliza.

"Mimi na wewe."

Nikampa vidonge vyake. Nikamwambia, mwenzangu, wewe si ndiye uliyetaka waondoke? Si ndiye uliyeiita kambi yao shimo? Leo nivunjike vidole kwa ajili ya vidoti vyake?

"Waondoke," akasema. "Lakini kile nilichokivunja mimi, hataondoka nacho kimevunjika."

Tuliandika siku kumi na mbili. Majina, umri, mkoa, wilaya, karatasi za kaboni nakala nne, ukikosea unaanza upya. Vidole vyangu vilivimba hata ufunguo sikuweza kugeuza. Yeye aliandika mara mbili yangu na hakulalamika, jambo ambalo lilinikera zaidi. Nyuma yetu ile mashine inavuma tu.

Tarehe kumi na moja Habimana alikuja kuaga. Kambi nzima ilikuwa inajiandaa kukimbilia ndani ya nchi badala ya mpakani. Mama yake alikuwa mzee, hangeweza kumwacha. Domisiana akamwambia zimebaki siku sita. Yule bwana akamwonyesha namna ya kutoa picha, akamwandikia namba ya faksi ya profesa. Kisha Domisiana akamwambia kwa Kihangaza, mara ya kwanza, aende salama. Kesho yake malaki wakajaa barabarani, askari wakawageuza, na siku chache baadaye Habimana na mama yake walivuka Rusumo pamoja na wengine wote. Tulimwona kwa mbali Hatibu na mimi, ana godoro kichwani.

Hesabu ikaisha tarehe kumi na saba. Domisiana akaniita nikaone. Nilikataa, nikamwambia nimeshaona nyota za kunitosha. Akatoa picha mwenyewe, akatuma faksi mwenyewe. Wiki ya Noeli jibu likaja, nami ndiye niliyelitoa kwenye mashine. Profesa alisema galaksi imekaa vizuri kuliko alivyotarajia, nafasi ni ya Habimana. Ila nafasi hiyo ni ya mkimbizi aliye nje ya nchi yake, kwa hiyo ofisi ya uandikishaji ithibitishe kwa barua kwamba yuko kwenye orodha yake ya Tanzania mpaka mwisho wa mwaka.

Hayuko. Amevuka. Mimi na Hatibu ni mashahidi.

Domisiana alikaa na ile karatasi mpaka chai ikapoa. Halafu akawasha kompyuta, akamwandika. Habimana, Benaco, yupo. Akaweka alama kwamba amechukua chakula. Akapiga chapa barua ya uthibitisho, akagonga muhuri, akatuma. Aliponiona namtazama akasema, "Nimempelekea ujumbe kwa dereva wa lori. Akirudi itakuwa kweli."

Yaani yeye! Aliyemtangaza shangazi yangu kama mwizi sokoni! Nilikuwa na hasira, na ndani ya hasira ile palikuwa na furaha, sitaificha. Nilikuwa nimeingoja kwa mwaka mzima.

Januari akaja bosi mpya, mtu wa kukagua. Akauliza, huyu Mnyarwanda mmoja aliyebaki kwenye orodha ni nani? Domisiana alikuwa ameenda posta. Angeweza kujibu yeye akirudi, ningeweza kusema sijui, kesi ingelala. Nilisema. Nilieleza vizuri kabisa, na tarehe, na godoro kichwani. Domisiana akafukuzwa siku ile ile, akachukua mwavuli wake akaondoka. Na barua ya kusahihisha, ya kumwambia profesa kwamba mtu huyo hayupo na uthibitisho ule ni wa uongo, niliipiga chapa mimi. Vidole vilikuwa vimeshapona.

Februari, siku ya mvua, mlinzi akaniambia kuna mtu anamuulizia Domisiana. Alikuwa Habimana. Alikuwa amepita porini, siku nne. Ujumbe ulimfikia.

"Dada Kuluthumu," akasema, "zilikaa?"

"Zilikaa," nikasema. "Profesa alisema hivyo."

Akafumba macho. Halafu akauliza barua yake iko wapi. Basi nikamwambia. Sijui kwa nini sikudanganya. Ningeweza kusema haijafika, angeenda zake na kutumaini. Nilimwambia ilikuja, ulipewa nafasi, ikafutwa mwezi uliopita, na aliyeifuta ni mimi. Hakunitukana. Alikaa kwenye benchi la wageni pale barazani, akiangalia mikono yake. Mlinzi akaja na askari, maana Wanyarwanda walikuwa hawaruhusiwi tena, na yule askari akaniuliza, "Huyu yuko kwenye orodha yenu?"

Orodha ilikuwa mbele yangu. Nikasema hayumo. Wakampandisha nyuma ya gari, likaelekea Rusumo.

Jumapili nilikwenda Nyamiaga. Sikwenda kuomba radhi, nilikwenda kwa sababu nilikuwa silali. Domisiana alikuwa anapalilia maharage kati ya vile visiki. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, mpaka lile gari. Nilingoja anipige na jembe, na ningemwachia.

"Alikuwa na viatu?" akauliza.

Nikasema sikuangalia miguu yake.

Akageuka, akaendelea kupalilia. Nilisimama pale mpaka mama yake akatoka ndani akaniambia kwa upole kwamba mvua inakuja, niende nyumbani.